Dakika Mbili Angani, Saa Tatu Barabarani

Mama yuko Migori, shangazi yuko Homa Bay, mimi niko Aberdeen, Scotland. Nikijiandaa kwenda nyumbani, niliiuliza simu umbali kati ya viwanja vya ndege vya miji hiyo miwili. Ikanijibu bila haya: kilomita 60 hivi, dakika kumi na kitu angani. Ndege yenyewe sasa, hakuna. Kiwanja kipo Lichota, kingine kipo Kabunde, lakini ukishikilia kuruka kutoka hiki hadi kile utazungukia Wilson, Nairobi, zaidi ya kilomita 500, ilhali barabara ni kama 75 tu.

Swali hilo nililitoa Orkney, visiwa vya kaskazini mwa Scotland. Huko nilipanda ndege ya Loganair kutoka Westray kwenda Papa Westray, safari ya ratiba iliyo fupi kuliko zote duniani: kilomita 2.7. Imekuwepo tangu 1967. Ratiba inaipa dakika mbili. Rekodi ni sekunde 53. Nilitoa simu nipige picha ya bahari, na kabla sijaipata kamera tulikuwa tumetua.

Ufupi huo unachekesha, lakini haukunishangaza sana. Kilichonishangaza ni kwamba ndege ina viti vinane, tulikuwa abiria wawili, na ikaondoka kwa saa yake. Halmashauri ya Orkney hutoa ruzuku kwa safari hizo, kwa sababu kati ya visiwa kuna maji na mgonjwa hawezi kungoja wengine sita waugue.

Sasa turudi Kenya, stegi ya Migori, nikielekea kwa shangazi. "Mmoja twende!" makanga anaita. Mmoja anaingia, wawili wanashuka. Kumbe walikuwa vijana wa stegi waliokalia viti ili gari lionekane limejaa. Nilingoja saa nzima. Tukapita Uriri, Awendo, tukafika Rongo, nikashushwa na kuingizwa kwenye Probox, nikangoja tena hadi tukabanwa wanne kiti cha nyuma. Rodi Kopany, kisha Homa Bay. Mwendo wenyewe haukuzidi saa moja na nusu. Safari nzima ilimeza tatu.

"Umevuka bahari usiku mmoja," shangazi akaniambia, "na ni Rongo iliyokuchelewesha?"

Sidai ndege. Kwa kilomita 60 ningetumia muda mwingi zaidi kukaguliwa mzigo kuliko kuruka. Hata watalii wanaotua Migori kutoka Maasai Mara hushuka pale kwa sababu ya mpaka: huvuka Isebania kwa gari, kisha hupanda ndege nyingine Tarime kuelekea Serengeti. Ndege ina maana palipo na kizuizi. Kati ya Migori na Homa Bay hakuna bahari wala mpaka. Kuna lami, na gari linalosubiri kujaa.

Na tusiambiwe kwamba ratiba ni mambo ya Wazungu. Mbita, humo humo kaunti ya Homa Bay, feri ya Luanda K'Otieno huvuka kwa ratiba, na watu wanaijua saa yake.

Basi waheshimiwa wa kaunti zote mbili, kabla hamjatuahidi ndege tena, tupeni basi moja la saa mbili asubuhi, liondoke saa mbili, hata kama ndani tuko wawili.