Krosi ya Propela

Gari likianza kulia kwa chini, abiria wengi hudhani wamesikia ndege. Ni sauti nyembamba, ya kukatikakatika, ambayo huenda kasi kadiri mwendo unavyoongezeka na hupotea gari linaposimama. Dereva wa pikapu iliyoingizwa katika karakana moja ya jua kali mjini Busia, upande wa Kenya, alikuwa ameisikia kwa majuma mawili akainyamazia. Kilichomleta kwa fundi ni dalili ya pili: kila alipoachia klachi, kishindo kimoja kizito kilisikika chini ya sakafu, mithili ya mtu abishaye hodi kwa rungu. Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Tena pikapu haikuwa yake. Ilikuwa ya mama mmoja anayenunua omena kwa magunia na kuzipeleka Malaba, na mama huyo alikuwa ameketi papo hapo juu ya kreti ya soda, mkoba mapajani, akingoja kutajiwa gharama.

Fundi hakufungua boneti. Aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akatoa gia, akalala chali kwenye gunia, kisha akaishika propela kwa mikono miwili na kuizungusha kidogo huku na huku.

“Inama usikie mwenyewe, kijana,” akamwambia dereva.

“Nasikia, mzee. Inacheza.”

Propela ni ile nguzo ya chuma yenye uwazi ndani, inayotoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu ya nyuma. Giaboksi imefungwa kwenye fremu na haina pa kwenda. Difu nayo imening’inia kwenye springi, hivyo hupanda na kushuka kila gurudumu linapokutana na shimo. Nguzo isiyo na viungo ingevunjika siku ya kwanza. Ndiyo maana kila ncha yake ina krosi: kipande cha chuma chenye umbo la msalaba, mikono miwili ikiwa imeshikwa na uma mmoja na mikono miwili na uma wa pili. Kila mkono umevishwa kikombe, na ndani ya kikombe zimepangwa sindano nyembamba za chuma zilizosimama wima, zikielea katika grisi. Wazungu wamekikumbuka kiungo hiki kwa majina ya wataalamu wawili, Mwitalia Gerolamo Cardano wa karne ya 16 na Mwingereza Robert Hooke wa karne ya 17. Katika karakana ile hakuna aliyewahi kuwataja, na kazi haikukwama kwa sababu hiyo.

Krosi ya nyuma ilikuwa imekwisha. Kando ya vikombe vyake palikuwa na vumbi jekundu la kutu, ishara kwamba maji yalipita kwenye mpira uliochanika, grisi ikatoka, na chuma kikabaki kinasagana na chuma. Ya mbele haikucheza, ila ilikuwa ngumu kupinda upande mmoja. Fundi alitaka zibadilishwe zote mbili. Hapo ndipo mama aliposema.

“Baba, badilisha iliyokufa. Hii nyingine si bado inatembea?”

“Inatembea, mama, lakini kama mgonjwa anayeshikwa mkono.”

Akamweleza bila kupamba. Krosi ya nyuma ikikatika, gari hukosa nguvu, na likiegeshwa mlimani gia peke yake haiwezi kulizuia. Ikikatika ya mbele gari likiwa mbioni, ncha ya propela huanguka barabarani, na ikijichimbia kwenye shimo inaweza kuliinua gari kutoka nyuma. Mama aliitazama pikapu kwa muda. Juu ya magunia yake, siku za soko, hupanda pia watu.

Kukubali ni jambo moja, fedha ni jambo jingine. Mpakani spea hutoka pande mbili: kuna zinazoletwa kutoka soko la Kisekka, Kampala, na kuna zinazotoka barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Mnunuzi hupima bei na umbali. Fundi hupima kipenyo cha kikombe na urefu wa msalaba kutoka mkono hadi mkono, kwa maana tofauti ya milimita moja hufanya krosi mpya kuwa chuma chakavu. Mama alilipa ya nyuma, akatoa nusu ya bei ya mbele, na nusu iliyobaki ikaahidiwa baada ya soko.

Kabla ya kulegeza boliti hata moja, fundi alichukua patasi na kutia alama: moja kwenye kila ncha ambapo propela hukutana na mwenzake, na nyingine mbili zinazotazamana pale ambapo vipande viwili vya propela huteleza kimoja ndani ya kingine kwa meno, ili nguzo iweze kurefuka na kufupika. Ni kazi ya dakika moja, na mafundi wenye haraka huiruka. Mwanafunzi wake, kijana Msamia, aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeliuliza.

“Mzee, si yale meno yataingiana popote?”

“Yataingiana. Ndiyo hatari yake.”

Jibu lile linastahili kufafanuliwa. Krosi inapozunguka ikiwa imepinda, uma unaopeleka mzunguko huenda kwa mwendo sawa, lakini uma unaoupokea huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya pili husahihisha kosa la ya kwanza, kwa sharti kwamba nyuma mbili zilizoko kwenye propela yenyewe zimelala pamoja, sawa kwa sawa. Zikipishana kwa jino moja tu, makosa huanza kubaki. Zikipishana sana, hujumlishana. Gari hutetemeka, dereva hulaumu matairi, na krosi mpya hufa mapema. Fundi hakutumia maneno haya. Alinyoosha viganja vyake viwili, akavilaza pamoja, kisha akakipindua kimoja. Kijana akaelewa.

Kiswahili walichokuwa wakizungumza kilikuwa mali ya wote. Fundi ni Mteso, dereva ni wa Tororo ng’ambo ya pili, na mama, ambaye dagaa wake huitwa omena hapa na mukene akivuka, ni Mbukusu. Mwanaisimu angeona klachi, difu na grisi akasema hii ni lugha ya kukopa. Ni kweli, na kamusi zina neno jiliwa huku karakana nzima ikisema vaisi. Lakini uma, kikombe na sindano vimetoka jikoni na kwa fundi cherehani vikaingia chini ya gari, wala hakuna kamati ya istilahi iliyokaa kuviidhinisha. Tasnifu ngapi zimeandikwa kuhusu istilahi za Kiswahili bila mwandishi kuchafua shati?

Kugonga vikombe vya zamani kulichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote, kwa kuwa kutu ilikuwa imevishika. Vikombe vipya viliingizwa kwa jiliwa, polepole, kwani sindano moja ikilala ndani, kikombe hakifiki mwisho na klipu ya kukizuia haipati mfuo wake. Kimoja kiligoma. Fundi hakukigonga, alikitoa, akaisimamisha sindano kwa grisi, akakirudisha. Kisha akaipinda krosi kwa kidole kila upande, akahakikisha chuchu ya grisi inatazama mahali ambapo bomba litafika, alama zikakutanishwa, boliti zikakazwa.

Waliijaribu kwenye barabara ya Malaba hadi karibu na Alupe na kurudi. Hapakuwa na ndege wala hodi. Mama alisimama, akakung’uta nguo.

“Nusu yako Jumamosi, baba.”

“Jumamosi, mama. Na pikapu ije pia, niitie grisi.”

Mwanafunzi alikuwa amebaki na krosi ya zamani mkononi, akipitisha ukucha kwenye mifuo ambayo sindano ziliichimba katika mkono wake mmoja, akiihesabu.