Mamako Akae Dirishani

Changamwe, Mombasa
9 Februari 2026

Mpwa wangu mpenzi Salma,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, nikaona jibu lake haliwezi kuenea kwenye simu. Bora nikuandikie.

Unauliza mkishafika Munich kwa binamu yako Fahmi, mkodi gari mteremke nalo mpaka Florence na Roma, au mpande treni. Unasema gari litamfaa mamako kwa sababu ya magoti yake, na kwamba mimi niliyeendesha trela miaka 29 kati ya hapa na Malaba nitakuelewa upesi. Nakuelewa, mwanangu. Lakini nasema pandeni treni. Gari mkodi siku mbili tu, mkiwa Toscana, nami nitakueleza kwa nini.

Njia hiyo nimeiendesha. Mwaka 2023 nilipokwenda kumwona Fahmi tulikodi gari, mimi ndiye nikashika usukani. Wenzetu hupita upande wa kulia, na gia zao ziko mkono wa kulia. Siku ya kwanza nilikaza macho, sikukosea hata mara moja. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu, alfajiri, tulitoka kituo cha mafuta karibu na Verona. Barabara ilikuwa tupu, hakuna gari mbele la kunionyesha upande. Nikakata kushoto kama ninavyotoka kituoni Mariakani, nikaenda zangu nimetulia kabisa. Fahmi ndiye aliyepiga kelele, "Baba, kulia!" Taa za lori zilikuwa bado mbali. Nilisimama kando nikakaa kimya muda mrefu kabla ya kuwasha tena. Kosa halikunijia nilipokuwa na hofu, lilinijia nilipoanza kujiamini. Wewe huendesha Nairobi, gari la otomatiki, kazini na kurudi. Nisingependa siku yako ya tatu iwe kwenye mteremko wa milima ya Alps, mamako amelala kiti cha nyuma.

Halafu piga hesabu. Kodi ya siku unayoiona kwenye simu ni mwanzo tu. Kulichukua gari Ujerumani na kuliacha Italia kunatozwa ada kubwa ya kulirudisha, na magari mengine hayaruhusiwi kabisa kuvuka kuingia Italia. Barabara kuu za Ujerumani gari dogo hupita bure, lakini Austria utanunua stika ya barabara, na juu yake ushuru mwingine wa kupanda njia ya mlima ya Brenner. Ukishaingia Italia unachukua kikaratasi getini na kulipa unapotokea. Tangu mwanzo wa 2025 daraja la Lueg, kwenye barabara hiyo hiyo ya Brenner, linajengwa upya na njia imebanwa. Siku za likizo foleni zake ni ndefu.

Sasa treni. Kutoka Munich ipo ya moja kwa moja mpaka Bologna, karibu saa saba, ikipitia Innsbruck. Reli ile ilifunguliwa mwaka 1867, nayo hupanda polepole mpaka Brenner, mita 1,370 kutoka usawa wa bahari, kisha huteremka mpaka bonde la mto Adige kupita mashamba ya tufaha na mizabibu yaliyopangwa mistari kwa mistari. Hivi sasa wanachimba handaki la kilomita 55 chini ya mlima huo. Likikwisha, treni za masafa zitapita gizani mahali ambapo leo abiria anaona theluji na minara ya makanisa. Mimi sehemu hiyo niliiona nilipokuwa narudi kwa treni, maana tulipokwenda kwa gari sikuona kitu ila taa za breki za aliye mbele yangu. Mamako aliniuliza kwa simu kama milima ile iko vile nilivyomwonyesha kwenye picha. Nilimwambia aliyepiga picha ni Fahmi, mimi nilikuwa naendesha.

Treni hiyo usiifananishe na SGR yetu. Hapa unafika Miritini mapema, mizigo inapangwa chini inuswe na mbwa, na ukishuka Nairobi bado unatafuta usafiri wa kukufikisha mjini. Kule kwenye njia yenu unatoka barabarani unaingia stesheni, unatafuta behewa lako, unakaa. Na stesheni zenyewe ziko katikati ya mji. Florence, ukitoka Santa Maria Novella, kanisa kuu liko mwendo wa robo saa kwa miguu, na hivyo ni kwa mwendo wa mamako. Lakini treni haimsubiri mtu. Milango hufungwa kabla ya dakika ya kuondoka, kwa hiyo muwe mmeshapanda.

Magoti yake nimeyafikiria kuliko jambo lolote jingine katika safari hii. Sheria ya Umoja wa Ulaya inampa abiria mwenye shida ya kutembea haki ya kusaidiwa stesheni bila malipo, mradi taarifa itolewe saa 24 kabla. Italia huduma hiyo inaitwa Sala Blu. Watu wanakuja na kiti cha magurudumu na mashine ya kumpandisha mpaka mlangoni, kwa sababu mabehewa mengi yana vidato. Usione haya kuwaomba, naye usimwache akakwambia "najiweza". Munich, Santa Maria Novella na Termini ya Roma ni stesheni ambazo reli zinaishia hapo hapo, kwa hiyo mtu anatembea sawasawa mpaka kwenye treni bila kushuka ngazi. Pagumu ni Bologna. Treni nyingi za kasi za kwenda Florence ziko chini kabisa ya ardhi, na nyinyi mtashukia juu. Lifti zipo, ila ni mbali. Ombeni msaada pale, na kati ya treni moja na nyingine acha saa nzima au zaidi. Kutoka hapo mpaka Florence hazifiki dakika 45.

Treni nazo zina udhia wake. Za Ujerumani huchelewa mno miaka hii, na huo ni ukweli unaowaudhi Wajerumani wenyewe. Ikichelewa dakika 60 unarudishiwa robo ya nauli, ikifika dakika 120 nusu, isipokuwa sababu iwe ni janga lisilozuilika. Ndiyo maana ningetaka mnunue tiketi moja ya safari nzima mkiweza, ili mkikosa ya kuunganisha isihesabiwe kuwa kosa lenu. Za kasi za Italia zinunue mapema. Kampuni mbili zinashindana kwenye reli moja tangu 2012, na nauli hupanda kadiri siku inavyokaribia. Za mikoani hazibadiliki bei, ila tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo ni faini.

Gari likodini mkiwa Florence, kwa ajili ya bonde la Val d'Orcia. Vijiji kama Pienza na Montalcino viko juu ya vilima, mabasi ni machache, na mamako anataka kuona mizeituni mashambani, si kwenye chupa dukani. Hapo gari halina mpinzani, na barabara ni tulivu. Mpande tramu ya T2 kutoka stesheni mpaka uwanja wa ndege, mlichukue huko nje ya mji na mlirudishe huko huko. Agiza otomatiki mapema kwa sababu kwao ya klachi ndiyo ya kawaida. Kadi ya benki iwe ya jina lako mwenyewe, wanazuia fedha za dhamana. Leseni ya Kenya peke yake haitoshi Italia, nenda AA, chama cha wenye magari, wakupe ile ya kimataifa. Kwenye pampu, gasolio ni dizeli, petroli wao huiita benzina.

Kisha usiingie nalo Florence mjini. Kuna eneo linaitwa ZTL, kibao cheupe chenye duara jekundu, na chini yake taa zinazoandika "varco attivo". Nilidhani maana yake njia iko wazi. Maana yake kamera inafanya kazi na asiye na kibali asipite. Nilipita mara mbili mchana mmoja nikitafuta hoteli. Sheria yao inawaruhusu kumtumia mgeni faini ndani ya siku 360, nami nilikuwa nimeshasahau safari zilipofika barua mbili, kila kamera na yake. Kampuni iliyonikodisha ikakata na ada yake kwa kutoa jina langu.

Jambo la mwisho halihusu nauli. Tulipokuwa wadogo, babu yako alitupeleka Nairobi kwa gari moshi la usiku. Mamako alikataa kufunga dirisha tangu Mazeras mpaka Voi, akanihesabia taa za kila stesheni, mimi nimelala mapajani mwake. Aliniahidi kuniamsha akiona simba. Hakumwona, lakini hakulala. Mchukulie kiti cha dirishani Munich, nawe ukae ubavuni pake. Mkishapita Brenner nipigie simu ya picha, nizungumze naye akiwa anatazama nje.

Nitumie tarehe zenu nimjulishe Fahmi aanze kuwaarifu watu wa stesheni.

Wasalaam,
Mjomba wako