Kumi na Sita

9 Machi 2024, Nyegezi
Nimechota chupa moja ya maji kwenye bwawa la sato la shemeji. Ametia samadi ya ng'ombe, maji yamekuwa kijani kibichi. Tone moja chini ya hadubini, lenzi ya 40, na pediastramu, aina ya mwani, zimejaa. Kila moja ni sahani bapa ya seli. Za ukingoni zina pembe mbilimbili, za ndani zimebanana. Nikahesabu: 1 katikati, 5 kuizunguka, 10 ukingoni. Jumla 16. Nyingine ina 32. Yenye 20 sikuipata, na nilitafuta hadi macho yakauma.

10 Machi
Miaka yote nimewaambia wanafunzi kwamba koloni ya mwani hukua kwa kuongeza seli. Kwa huu si kweli. Inayozaliwa na seli 16 hubaki nazo 16 maisha yake yote. Kinachokua ni ukubwa wa kila seli. Kesho nitasahihisha darasani.

12 Machi, alfajiri
Nimeiona ikizaa! Ukuta wa seli moja ulipasuka, kikachomoza kifuko chembamba, angavu kama povu la sabuni, ndani yake vijiseli vikihangaika, kila kimoja na mijeledi yake miwili. Vilizunguka dakika chache, vikigongana kama vifaranga tengani. Kisha mwendo ukapungua. Kimoja kikatulia, kingine kikajibana ubavuni mwake, hadi vyote vikalala tabaka moja. Maji yalianza kukauka. Nikaongeza tone ukingoni mwa kioo, mkono ukitetemeka. Mijeledi haionekani tena. Kila seli ya mama inaweza kutoa sahani nzima namna hii, na inapomaliza hubaki ganda tupu lenye mpasuko.

14 Machi
Maganda hayo hayaozi upesi. Wanaochimba tope la chini ya maziwa huyakuta kwenye matabaka ya maelfu ya miaka, na kwayo husoma jinsi ziwa lilivyokuwa. Mtaalamu wa mimea Meyen aliupa mwani huu jina mwaka 1829. Wenyewe ulikuwa ukijipanga hivi zamani mno kabla yake.

Leo nimeitazama tena sahani ya Jumanne. Seli 15 zimekaa sawa. Ya 16 imelala juu ya wenzake, haikupata nafasi ukingoni. Nayo imeota pembe zake mbili. Nimeichora pamoja na zote.