Moteri Kabla ya Rangi

Ufundi niliuanza Kiwanja nikimshikia tochi bwana wangu chini ya malori ya maharage, yaliyoingia kwa njia ya Ishasha au yakisubiri kupakia kwenda Goma. Magari madogo ya fahari yalikuja baadaye: BMW 116i, Audi A3, Volkswagen Golf. Mengi yalikuwa yametumika Japani, usukani kulia, yakashuka Mombasa na kukata Uganda mpaka kwetu, tunakopita upande wa kulia wa barabara.

Ndipo watu wakaanza kunichukua niwatazamie moteri kabla hawajatoa dola. Mfanyabiashara mmoja wa Rutshuru alinipigia simu: "Mzee fundi, gari linang'aa, njoo tu uone." Nikamwomba amwambie mwenye gari asiliwashe mpaka nifike. Nafika, naweka kiganja juu ya moteri: moto. Navuta kijiti cha oili: oili ya jana, ina rangi ya asali. Moteri yenyewe imeoshwa hata kwenye pembe ambazo mkono haufiki. Oili mpya si dhambi, lakini usafi wa namna ile huwa una mambo.

Nikasema tungoje ipoe. Mwenye gari akanuna. Sisi tukaagiza chai. Jioni nilipowasha, moshi wa bluu ukatoka mara moja, ukakatika. Sili za valvu zimechoka, oili inashuka kwenye silinda gari likilala. Moshi huohuo ukitoka unapokanyaga kupanda mlima, shaka iende kwenye ringi za pistoni, na hapo gharama ni nyingine kabisa.

"Papa, hili liache," nilimwambia. Akanunua Toyota Allex yenye moteri ya 1NZ-FE, huku akinung'unika kwamba nimempa gari la mwalimu.

Sisemi kila Toyota ni nzima. 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili. Na BMW ya dizeli yenye N47, iliyoanza kutolewa 2007, ina mnyororo wa taimingi nyuma, upande wa giaboksi. Ukianza kulia, moteri ishushwe. Kwa Kiwanja, ambako kipuri kama hicho huagizwa mbali, simshauri mtu.

Ukiniita, mwambie mwenye gari asiliguse tangu usiku. Akiliwasha, andaa chai, kwa maana sitasema neno mpaka lipoe.