Hofu ya kupiga mbizi: ivunje vipande vipande

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na leo hifadhidata zipumzike kidogo. Nilikuwa Diani, pwani ya kusini ya Kenya, nikijifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa.

Wanaonijua wamecheka. Mimi ni mtu wa Ekerenyo, kaunti ya Nyamira. Kwetu ni vilima, majani chai na migomba. Mto ukifurika huogopwa, na mtoto hafundishwi kuogelea, hufundishwa kukaa mbali. Mama aliposikia habari hizi aliuliza swali moja tu: hewa ikiisha huko chini utafanyaje?

Ni swali zuri, na nilikuwa nalo pia. Kuambiwa "jikaze" hakukunisaidia. Kilichonisaidia ni mazoea ya kazi. Programu ikikwama, husemi tu kwamba ni mbovu. Unaivunja vipande, unapima kimoja kimoja. Nikaandika hofu zangu kwenye karatasi, zikawa tatu.

1. Hewa kuisha

Hii ni hesabu ya darasa la nane. Mtungi wa kawaida una ujazo wa lita 12 na hujazwa hadi baa 200 (siyo zile za kuuza bia). 12 x 200 = lita 2,400 za hewa. Tuseme unatumia lita 20 kwa dakika ukiwa nchi kavu. Kila mita 10 za maji huongeza baa moja ya shinikizo, kwa hiyo kwenye mita 10 unatumia lita 40. Ukiweka akiba ya baa 50, zinabaki lita 1,800, yaani dakika 45. Kwenye mita 18, kikomo cha kawaida cha cheti cha kwanza, ni kama dakika 32.

Mwenye wasiwasi hupumua haraka, hivyo hofu yenyewe hula hewa. Dawa ni kutazama geji mara kwa mara na kupumua polepole. Isitoshe, kila mtu hubeba mdomo wa pili wa kupumulia kwa ajili ya mwenzake. Wewe una wangu, mimi nina wako. Hata seva nzuri hujengwa hivyo: kifaa kimoja kikifa, kazi haisimami.

2. Maji kuingia kwenye miwani

Hapa akili inajua huwezi kufa, kwa sababu unapumua kwa mdomo, lakini mwili haukubali. Zoezi ni hili: jaza miwani maji, bana sehemu ya juu kwa mkono, inua uso kidogo, toa pumzi kwa pua. Maji yanatoka kwa chini.

Tulilifanya kwenye bwawa la kuogelea kabla ya kuingia baharini. Hakuna mtu mwenye busara anayejaribu programu mpya moja kwa moja kwenye seva ya wateja. Nilirudia mpaka nikachoka, na hapo ndipo nilipotaka kufika: jambo la kutisha liwe jambo la kuchosha.

3. Kupanda juu

Hii ndiyo ya kuogopwa kweli. Hewa uliyoivuta kwenye mita 10 hutanuka maradufu ukifika juu. Ukibana pumzi, mapafu yanaweza kupasuka. Kanuni ya kwanza: usiache kupumua kamwe.

Kuna naitrojeni pia, inayoyeyuka mwilini kwa shinikizo. Ukipanda haraka hutoa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mwaka 1908, John Scott Haldane wa Uingereza alichapisha majedwali ya kupanda kwa usalama baada ya majaribio na mbuzi. Aliugawa mwili katika makundi 5, kila moja likijaza na kutoa gesi kwa mwendo wake. Baadaye Albert Bühlmann wa Uswisi alifikisha 16, na kompyuta nyingi za mkononi za wapiga mbizi hutumia hesabu zake.

Lakini angalieni, kompyuta hiyo inahesabu mwili wa mfano. Haijui kama hukulala au hukunywa maji. Ndiyo maana tunaongeza tahadhari: usizidi mita 9 kwa dakika, na simama dakika 3 kwenye mita 5.

Sisi wa milimani

Ukipiga mbizi mara moja, subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege. Ukipiga zaidi ya mara moja, saa 18. Tatizo si ndege, ni shinikizo la hewa kupungua. Ndani ya ndege hali huwa kama kwenye mlima usiozidi mita 2,400 hivi. Sasa fikiria safari ya kurudi kwetu: treni kutoka Mombasa inakufikisha Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa saa chache. Kisha matatu inapita Limuru, zaidi ya mita 2,200. Kwa naitrojeni iliyo mwilini, hiyo ni kama ndege. Mimi hulala pwani usiku mmoja zaidi.

Kwa wapenda programu huria: Linus Torvalds, yule wa Linux, ni mpiga mbizi. Mwaka 2011 alianzisha Subsurface, programu ya kuhifadhi na kuchora kumbukumbu za mbizi. Ni ya bure. Mbizi zangu zote ziko humo.

Je, hofu imeisha? Hapana. Kisite, karibu na Shimoni, nilipita kando ya kasa kwenye mita 12 moyo ukidunda. Tofauti ni kwamba sasa hofu inaniambia kitu cha kukagua: geji, mwenzangu, kina. Nikishakagua, hunyamaza. Isiponyamaza, napanda polepole, na hakuna anayecheka.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.