Upande wa Kushoto wa Athi

Ndugu yangu mdogo anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto, na gitaa lenyewe analishika juu chini. Nyuzi nene ziko upande wa magoti, nyembamba ziko upande wa kidevu. Watu wanaojua gitaa wakimwona mara ya kwanza huinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesoma gazeti lililopinduliwa. Halafu wanauliza, "Kijana, nani alikufunza hivyo?"

Yeye hujibu, "Mzee wa ng'ambo." Basi, hasemi zaidi. Kwetu mimi ndiye mwenye maneno, kwa hivyo acha nieleze.

Sisi ni watu wa Makueni, karibu na Mto Athi, njia ya kutoka Kibwezi kwenda Ikutha. Ukivuka daraja uko Kitui. Kikamba ni kimoja, ingawa wao wana lafudhi yao ambayo sisi tunaicheka, nao wanaicheka yetu. Mibuyu ni ile ile. Mvua ikikosa, inakosa pande zote mbili bila ubaguzi. Mto unateremka kusini-mashariki, unakutana na Tsavo, unabadilisha jina kuwa Galana, halafu Sabaki, na kuingia baharini karibu na Malindi. Ukisimama darajani ukitazama maji yanakoenda, Makueni iko kulia kwako na Kitui iko kushoto. Ni ndugu yangu aliyenionyesha hilo. "Siz, unaona? Kushoto ndiko gitaa liko."

Mzee alikuwa anakaa mwendo mfupi tu baada ya daraja, nyumba ya mabati yenye mwembe mmoja mkubwa mbele. Jina lake sitaliandika, na hata akiwa hai sikuwahi kulitamka. Mtu wa umri ule huwezi kumwita jina ukiwa mtoto wa juzi. Aliondoka nyumbani akiwa kijana miaka ya 1970, akaenda Mombasa, akapiga gitaa kwenye hoteli za watalii. Watalii walikuwa wanataka roki, basi akajifunza roki. Wengine walimwachia kanda zao wakirudi kwao Ulaya. Aliporudi nyumbani katikati ya miaka ya 1980, wakati Makueni ilikuwa bado sehemu ya Machakos, alikuja na vitu vitatu: gitaa la umeme lenye rangi nyekundu, kipaza sauti kikubwa cha mbao, na sanduku la kanda.

Stima haikuwepo. Alikuwa anatumia betri ya gari. Safarini kwenye paa la basi, spika ya kile kipaza sauti ilipasuka, na pesa ya kununua nyingine hakuwa nayo. Kwa hivyo kila alichopiga kilitoka na mkwaruzo, kama mtu anayeimba akiwa na mafua. Majirani walidhani mashine imeharibika. Yeye aliipenda hivyo hivyo. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba huko Uingereza, Dave Davies wa bendi ya The Kinks aliichana spika yake kwa wembe makusudi ili apate sauti ya namna hiyo, na wimbo huo wa 1964 ukawafanya maarufu. Mzee wetu hakuhitaji wembe. Barabara ya Ukambani ilimfanyia kazi hiyo bure.

Ndugu yangu alimsikia akiwa darasa la sita, ametumwa ng'ambo kutafuta mbuzi aliyepotea. Mbuzi alipatikana siku iliyofuata. Yeye alipatikana usiku huo, chini ya mwembe wa Mzee, na alichapwa vizuri sana. Wiki iliyofuata akarudi huko.

Kabla ya hapo alikuwa na gitaa la debe, lile ambalo watoto wa kwetu hutengeneza: debe la mafuta ya kupikia, ubao, na nyuzi zilizochambuliwa kutoka waya wa breki ya baiskeli. Alilishika kwa kushoto kwa sababu ndio mkono wake. Shuleni walishajaribu kumgeuza ili aandike kwa kulia, wakashindwa. Mzee alikuwa wa kulia na gitaa lilikuwa moja. Kubadilisha nyuzi kila mara mtoto anapokuja haiwezekani, zingekatika, na nyuzi zilitoka mbali. Kwa hivyo Mzee alimwambia, "Lipindue tu. Nyuzi hazijui mkono wa mtu." Nilipokuja kutafuta kwenye intaneti nikakuta wengine walicheza vivyo hivyo. Jimi Hendrix aligeuza gitaa la kulia, lakini yeye alizipanga nyuzi upya. Albert King, yule mzee wa bluzi, alilipindua tu na kuziacha nyuzi zilivyo. Nilimtumia ndugu yangu picha. Akajibu kwa neno moja: "Ona."

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo sipendi kuiandika.

Mimi ni kifungua mimba. Kwa desturi yetu nimepewa jina la mama yake baba, na ndiyo maana baba yangu, mtu mzima na mvi zake, huniita "mwaitu", yaani mama yangu. Si utani. Ananiambia mwaitu akiniomba maji, na ananiambia mwaitu akiniomba ushauri. Desemba moja nilipofika nyumbani, aliniita nyuma ya nyumba, akanipa kigoda. "Mwaitu," akasema, "ongea na ndugu yako. Yuko kidato cha pili na akili yote iko kwa yule mzee wa Kitui. Wewe ndiye umesoma. Atakusikia."

Wewe ndiye umesoma. Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo miezi minane iliyopita na nyumbani hakuna aliyejua.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka wa tatu mkopo haukutosha, deni la karo likapanda, na baba akauza ng'ombe dume. Ile pesa ilifika nusu ya deni. Nusu haikuruhusu kuingia chumba cha mtihani. Ningeweza kulipa hiyo nusu na bado nikae nje, au nilipe kodi ya nyumba nisilale nje. Nililipa kodi. Nikasema ni kwa muhula mmoja tu. Nikaanza kuandika kwa malipo mtandaoni, kazi ambayo vijana wengi wa Nairobi wanaijua: mwanafunzi wa Marekani anapewa insha na mwalimu wake, insha inafika kwangu saa nne usiku, asubuhi anaamka ikiwa tayari. Nimeandika kuhusu uuguzi, kuhusu historia ya reli zao, kuhusu vitabu ambavyo sikuwahi kuvishika. Nimefaulu mara nyingi tu, kwa majina ya watu wengine.

Na ndiye huyo niliyetumwa kumwambia ndugu yangu asome kwanza. Nikamwambia. Hotuba yote: elimu ndiyo ufunguo, muziki utaukuta, unataka kuwa kama nani. Aliniangalia hadi mwisho, akasema, "Sawa, siz." Hiyo "sawa" bado ninaisikia.

Kesho yake nilivuka daraja mwenyewe kwenda kumwambia Mzee amwache mtoto. Nilimkuta amekaa chini ya mwembe anachambua ndengu kwenye ungo. Alinisalimia, "Wakya," nikaitika, "Aa," akaniletea kiti. Nikasema yangu kwa heshima zote. Alinisikiliza huku anatoa mawe kwenye ndengu. Nilipomaliza akaingia ndani, akatoka na daftari la hesabu lenye jina la ndugu yangu.

"Hapa hashiki gitaa kabla sijaona hili," akasema. "Mimi sikusoma. Mombasa nilikuwa nawekewa karatasi naambiwa weka sahihi, naweka. Sijui hata nilikuwa nalipwa ngapi na walikuwa wanakata ngapi. Huyu nataka ajue kuhesabu pesa yake."

Sikuwa na la kujibu. Hotuba yangu yote ilikuwa ya kukariri, na mtu niliyekuja kumzuia ndiye alikuwa anasahihisha hesabu.

Akaniuliza, "Na wewe, mwana, unasomea nini huko?" Nikasema lugha. Kitenzi kilikuwa cha wakati uliopo, na kilikuwa uongo. Akafurahi. Akaniambia basi anisikilizishe kitu cha mtu wa lugha. Akaweka santuri ya Kakai Kilonzo.

Kakai ninyi mnamjua, au wazazi wenu wanamjua. Alizaliwa 1954, akaunda Les Kilimambogo Brothers, jina la mlima ule ulio karibu na Thika ambao kwenye ramani huandikwa Ol Donyo Sabuk. Alikufa 1987, hajafika miaka thelathini na tano. Aliimba Kikamba, lakini "Mama Sofi" na nyingine nyingi aliimba kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho benga ya Kikamba ikavuka mipaka ya Ukambani. Benga yenyewe ilikuwa imetoka kwa Wajaluo, kule Nyanza. Wakamba waliichukua, wakaipa mwendo wao.

"Sikiliza gitaa la solo," Mzee akasema. "Mwimbaji akisema, linamjibu. Halimkatizi. Maneno yakiisha, ndipo linaanza lake." Kisha akachukua lile jekundu, akapiga juu ya santuri, na ile spika iliyopasuka ikakwaruza juu ya sauti safi ya Kakai. Ilikuwa benga, na ilikuwa roki, na haikuwa mojawapo. Kuku walikimbia. Nami nilikaa pale nikifikiria kwamba mtu huyu hana watazamaji zaidi ya mimi na kuku, lakini anapiga kana kwamba ukumbi umejaa.

Nilirudi nyumbani nikamwambia baba kijana yuko mikono salama. Hilo halikuwa uongo. Lile lingine nililiacha lilivyokuwa.

Mzee alifariki Agosti, mwaka mmoja na miezi minane baadaye. Wanawe walitoka Mombasa. Mazishi yalikuwa na ratiba ndefu, na gitaa halikuwemo. Ndugu yangu alikuwa amevaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo yake nzuri. Wakati watu wanasubiri chakula, mwana mkubwa wa Mzee alitoa gitaa nje, sijui kwa nini, labda alitaka tu watu walione. Akauliza kama kuna anayejua kulipiga. Macho ya majirani yote yakaenda mahali pamoja.

Alilipindua, akaanza. Hakuimba. Alipiga kama anamjibu mtu: sehemu fupi, kisha kimya, kisha sehemu fupi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kile kimya ni nafasi aliyomwachia Mzee. Baba yangu alikuwa amesimama kando yangu, kofia mkononi. Hakusema kitu. Nilimwona anahesabu nyuzi kwa macho, anajaribu kuelewa vidole vinaendaje.

Gitaa lilirudi Mombasa na wenyewe, ilivyo haki yao. Kile kipaza sauti chenye spika mbovu hakuna aliyekitaka. Tulikibeba sisi, zamu kwa zamu, hadi darajani. Ndugu yangu akatangulia nacho kwa boda. Tukabaki mimi na baba, maji ni kidogo chini, mchanga mwingi.

Nikamwambia. Sikupanga. Nilisema, "Nau, mimi niliacha chuo."

Alitembea hatua kadhaa. "Lini?"

Nikamwambia lini.

"Na ile pesa ya ng'ombe?"

"Nililipa nyumba."

Akanyamaza mpaka daraja likaisha. "Na sasa unakula nini?"

"Ninaandika. Kazi za shule za watoto wa Marekani. Wananilipa."

Akasimama, akafikiria sana. "Kwa hivyo wewe bado unasoma," akasema. "Ila cheti wanapewa wao."

Hakunipigia simu miezi miwili. Mama ndiye alikuwa ananipigia, na sauti yake nyuma niliisikia, lakini simu haikupewa. Ile adhabu niliikubali. Katika miezi hiyo nilianza kuandika kitu changu cha kwanza chenye jina langu, kwa Kiswahili, kwa sababu nilikuwa nimechoka kujibu maswali ya watu walio mbali kwa lugha ya walimu wao. Kilikuwa kibaya. Nikaandika kingine.

Siku moja jioni simu ikaita. "Mwaitu," akasema, kama kwamba tuliongea jana. "Gitaa ni pesa ngapi huko Nairobi?"

Yeye alituma pesa ya ndengu, mimi nikaongeza ya insha tatu. Nililinunua mtumba, la umeme, jeusi. Fundi wa dukani aliposikia ni la mtu wa kushoto alitaka kulipanga upya, nyuzi nene juu, kama inavyotakiwa. Nikampigia ndugu yangu nimuulize.

"Usiguse kitu," akasema. "Liache vile liko."