Laptopu ya Kikundi: Mambo Tuliyoangalia Kabla ya Kutoa Dola



Tangu habari ienee kwamba kikundi chetu kimenunua laptopu, swali linalotufikia ni lile lile, sokoni na hata kwenye bomba la maji: "Mlichukua marki gani?" Tunajibu, lakini jina la marki peke yake linaweza kumpoteza mtu. Basi tueleze tulivyofanya.

Haja yetu ilitoka kwenye daftari. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024 na kuingia katika nyumba za kando, daftari la AVEC yetu lililowa. Kurasa za miezi minne zilishikana, wino ukatawanyika. Pesa zilikuwa salama ndani ya sanduku, haikukosekana hata falanga moja. Kilichopotea ni nani aliweka ngapi. Siku ya kugawana, wamama wawili walioanzisha kikundi pamoja hawakuelewana juu ya hisa zao, na mpaka leo mmoja hakai karibu na mwenzake. Ndiyo sababu wanachama 24 tulikubali kutoa dola 10 kila mmoja. Dola 240 hizo ni ndagala zilizoanikwa na kuuzwa kikombe kwa kikombe. Hazikuwa pesa za kujaribia.

Kikao cha kwanza kilikuwa na kelele. Nusu yetu walitaka mashine mpya, ndogo, inayong'aa, iliyokuwa dukani kwa bei hiyo hiyo. Wengine walisema bora okasio, mashine nzito nyeusi iliyotumika bironi Ulaya. Mama mmoja aliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini tununue kitu kilichochoka cha watu wengine.

Tulichokuja kuelewa ni kwamba marki moja inatengeneza mashine za namna nyingi. HP inatengeneza EliteBook na ProBook kwa ajili ya biro, na HP hiyo hiyo imeuza vilaptopu vya bei ndogo vyenye nafasi ya GB 32 tu, wakati Windows 11 inadai angalau GB 64. Dell ilikuwa na Latitude kwa biro. Lenovo ina ThinkPad, ambayo zamani ilikuwa ya IBM, mpaka Lenovo iliponunua biashara hiyo mwaka 2005. Makampuni makubwa hununua mashine hizi kwa mamia, huzitumia miaka michache, kisha huzitoa zote pamoja. Nyingi hupita Dubai, nyingine hufika Dar es Salaam, zikaja kwa treni hadi Kigoma, halafu bato mpaka kwetu. Zimetumika, ndiyo, lakini bawaba zake ni imara, na fundi anaweza kuzifungua akabadilisha betri au memori. Katika mashine nyingi ndogo za bei rahisi memori imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao, haiongezeki.

Tuliandika kazi zetu kwenye karatasi: hesabu za AVEC, barua za shirika, na kazi za shule za watoto wetu walio chuo. Hakuna kazi nzito hapo. Kwa kazi hizo tulitaka RAM ya GB 8, na diski ya SSD ya GB 256. Msikubali diski ya zamani inayozunguka ndani, hata ukiambiwa ina nafasi kubwa kuliko hiyo. Ni ya polepole, na mshtuko wa pikipiki kwenye barabara zetu unaweza kuiua.

Kisha tuliangalia umri wa prosesa. Kwenye Intel, namba inayofuata kistari inasema kizazi: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane. Hili lina maana kwa sababu Microsoft ilimaliza matunzo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha nane. Muuzaji mmoja alituonyesha mashine nzuri sana ya kizazi cha sita, safi kama sahani. Tuliiacha.

Betri ndiyo iliyotuchukua muda mrefu zaidi, na hapa Kalemie mnajua kwa nini. Umeme wetu unatoka mbali, Bendera, na ukikatika hauagi. Tuliomba fundi kijana wa kartie atufuate dukani. Alifungua dirisha jeusi la maagizo, akaandika powercfg /batteryreport, na mashine ikatoa ripoti yenye namba mbili: betri ilibeba kiasi gani ilipotoka kiwandani, na inabeba kiasi gani leo. Mashine ya kwanza ilikuwa imebakiza chini ya nusu. Ya pili ilikuwa karibu robo tatu, tukachukua hiyo. Laptopu kwa kazi ndogo hula kama wati 15 au 20, kwa hiyo hata paneli ya jua ya nyumbani pamoja na betri yake inaweza kuisaidia. Kompyuta ya mezani isingeweza kabisa.

Klavye ilileta ubishi mwingine. Mashine zinazopita Dubai na Tanzania mara nyingi ni QWERTY, na watoto wetu wamezoea AZERTY, yenye é na ç mahali pake. Unaweza kuamuru Windows iandike Kifaransa, ila herufi zilizochorwa hazitalingana na zinazotokea. Tulinunua karatasi za kubandika. Si nzuri kwa macho, ila zinafanya kazi. Angalieni pia prizi: chaja ya miguu mitatu ya bapa haiingii ukutani kwetu bila adapta.

Kabla ya kulipa tulibonyeza kila herufi, tukajaribu kila tundu la USB, tukaunganisha intaneti ya simu, tukaizima na kuiwasha mara mbili kuona kama haidai neno la siri la mwenye zamani. Muuzaji alianza kukunja uso. Mweka hazina wetu akamwambia, "Baba, sisi ni 24, vumilia." Alituandikia garanti ya mwezi mmoja, na namba ya mashine juu ya karatasi, na muhuri.

Ni ThinkPad, kwa wanaouliza. Tuliweka LibreOffice, ambayo ni ya bure, na hesabu zinanakiliwa kila Jumamosi kwenye USB mbili zinazolala katika nyumba mbili tofauti, moja ikiwa juu mlimani. Daftari la karatasi linaendelea pia. Wale mama wawili ndio wanaosoma namba kwa sauti wakati katibu anaandika, mmoja upande huu wa meza na mwingine upande ule.